Mwacheni Mjane Apande

Mwanamume akifa katika maboma mengi ya Siaya, Homa Bay, Migori na Kisumu, mambo mawili huamuliwa kabla udongo wa kaburi haujakauka. La kwanza ni nani atakayeingia nyumbani kwa mjane. La pili ni nani atakayeshika shamba la marehemu. La kwanza husemwa kwa sauti, mbele ya watu, nalo huitwa mila. La pili husemwa usiku, wanaume watatu wanne wakiwa wamesogeleana nyuma ya jiko, wala halina jina. Mimi nasema hayo mawili ni jambo moja. Na tangu UKIMWI ulipotua kwenye ufuo wa ziwa letu, yapata miaka 40 iliyopita, jambo hilo limezika watu ambao hawakupaswa kufa.

Sizungumzi kwa mafumbo. Nazungumzia desturi ya kumtakasa mjane kwa kulala naye, na ile ya kumrithisha kwa mwanamume mwingine, awe shemeji au mtu wa kukodiwa. Nazungumzia Wajaluo kwa sababu huko ndiko ninakokujua, na kwa sababu nimechoka kusikia habari hii ikisemwa kwa kunong'ona na wenyewe na kwa dharau na wageni.

Njoo huku Machi, mvua za masika zikishashika. Kwa jirani plau imeshapita na mahindi yameanza kuchungulia. Kwa mjane mbegu zingali ndani ya debe, chini ya kitanda. Mama huyu haumwi mgongo, wala hakukosa pesa za kumlipa kijana wa ng'ombe wa kulimia. Anangoja mwanamume. Kwa mujibu wa kwer, yaani miiko yetu, msimu wa kupanda hufunguliwa na mume na mke kwa kulala pamoja usiku wa kuamkia siku ya kupanda. Ndiyo golo kodhi. Huanza mke mkubwa, wakafuata wadogo, kisha wana waliooa, kila mji kwa zamu yake. Aliyefiwa hana wa kumfungulia msimu, na akithubutu kutia mbegu ardhini hivyo hivyo ataambiwa amewaletea watoto wake chira, maradhi ya mwiko uliovunjwa.

Hapo ndipo penye ukatili wenyewe. Wanaomshinikiza mama huyu si wakwe peke yao, ni wanawe wa kuzaa pia. Mwana aliyeoa hawezi kupanda kabla ya mama yake. Mvua inanyesha, mkewe ananung'unika, haijulikani watoto watakula nini Agosti, na kijana anajikuta akimwambia mama aliyemzaa, kwa maneno ya kuzungukazunguka, kwamba atafute mtu. Paa likivuja ni yale yale, kwa kuwa nyumba ya mjane haijengwi wala haiezekwi upya bila mwanamume wa kuisimamia. Mama analala na ndoo tatu sakafuni huku mabati yamerundikwa uani. Kisha anakuja afisa na gari lenye nembo mlangoni, anasimama chini ya mwembe na kumwambia: mama, jihadhari na UKIMWI. Ajihadhari vipi? Afanye nini na debe la mbegu?

Wazee watasema siijui mila. Naijua vizuri, ndiyo maana nina hasira. Kurithi mjane kwa asili yake kulikuwa na heshima. Jater, yule mwanamume aliyeingia, alikuwa ndugu wa marehemu, mtu mwenye mji wake na sifa ya kulinda. Mjane alibaki kuwa mke wa marehemu. Watoto waliozaliwa baadaye waliitwa kwa jina la marehemu. Mama alikuwa na sauti katika kumchagua jater, na akimwona mvivu au mpenda ugomvi alimrudisha alikotoka. Mwanamume huyo alitakiwa kulima, kuezeka, kusimamia mahari ya watoto, kuwatetea mayatima dhidi ya ami wenye tamaa. Katika zama zisizo na benki wala bima wala mahakama ya karibu, huo ulikuwa ulinzi. Siutukani, na waliouanzisha siwatukani.

Tazameni basi kilichobaki. Ndugu wa marehemu wanajua kilichomuua kaka yao. Waliziona dawa kabatini, walimpeleka kliniki kwa pikipiki, walimwosha alipoishiwa nguvu. Kwa hiyo hawataki kumgusa mkewe. Mila, hata hivyo, wanaitaka itimizwe, maana mjane asiyetakaswa anaogopwa: hatembelei maboma ya watu, haingii kwa wanawe, hata kikombe chake kinatengwa. Ndipo anapokodiwa mtu. Huletwa kutoka mbali, aghalabu mlevi au maskini asiye na wa kumtetea, akalipwa pesa, kuku na pombe. Mwaka 2003 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu haki za wanawake kumiliki mali nchini Kenya, na humo wanaume hawa wa kulipwa wameandikwa waziwazi. Mpira hautumiki, kwani huambiwa mjane kwamba miili isipogusana utakaso haukufanyika.

Niambieni: yule shemeji aliyekataa kuingia kwa sababu anaogopa virusi, kisha akatoa mfukoni mwake pesa za kumlipa mtu mwingine aingie, amelinda mila gani? Huyo hakukosa elimu. Semina zilimfika, redio ilimfika, na alichojifunza amekitumia kujiokoa yeye peke yake. Kila ninaposikia kwamba watu wa mashambani wanahitaji kuhamasishwa, namkumbuka shemeji huyu. Anajua njia zote za maambukizi. Anazijua vizuri kiasi cha kumtuma mwingine afe badala yake.

Na kuna mtu ambaye hatajwi kabisa katika mjadala huu: mke wa jater. Yuko nyumbani kwake, vilima viwili kutoka hapo, anatwanga, ananyonyesha. Hakufiwa na mtu. Hakuulizwa lolote. Mumewe anaondoka jioni kwenda kutimiza desturi kwenye boma la watu na kurudi kabla ya mapambazuko. Mjane huenda aliambukizwa na marehemu bila kujua, au ni mzima na jater ndiye aliyebeba virusi kutoka boma lililotangulia. Hakuna ajuaye, kwa sababu shughuli ina haraka na hakuna aliyepimwa. Baada ya miaka mitatu mama yule wa kilimani anaanza kukohoa, mtoto wake wa mwisho hakui vizuri, na kijiji kinaulizana ni mwiko gani aliouvunja. Wanawake wa namna hii wamelala kwenye makaburi yetu wakiwa na lawama juu yao hadi leo, nami nasema walionewa.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na VVU. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3. Nchi nzima, wanawake walikuwa asilimia 6.6 na wanaume 3.1. Atakayesema kurithi wajane peke yake ndiko kulikoleta hesabu hizi ni mwongo. Kuna biashara ya samaki na wavuvi wanaohama kila msimu, kuna barabara kuu na malori yake, kuna umaskini, kuna wanaume wengi ambao hawakuwa wametahiriwa. Lakini ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba kila kimoja kina watu wanaokishughulikia kwa jina lake, kwa bajeti na kwa mikutano. Utakaso wa mjane ndio unaopitiwa kimya kimya, kwa hofu ya kuwaudhi wazee.

Sasa nije kwenye hii inayoitwa elimu, maana nayo ina hatia yake. Miaka ya 1980 na 1990 tulitundikiwa mabango ya mafuvu na mifupa, ya watu waliokonda hadi macho yakatumbukia. Waliochora walidhani wanatuonya. Walichofanya ni kutuonyesha kitu tulichokijua tayari. Vizazi na vizazi, chira imejulikana kwa dalili hizohizo: mtu aliyevunja mwiko hukonda, huharisha, ngozi hubadilika, akaisha polepole watu wakimtazama. Bango likamthibitishia bibi kijijini alichokuwa akikisema siku zote. Daktari akasema ni virusi, mganga akasema ni chira, picha ikawa moja. Dawa ya chira iko, ni manyasi, mitishamba ya kunywa na kuogea, pamoja na kurudi kutimiza kile ulichokiacha. Na kwa mjane, kile alichokiacha ni kulala na mwanamume. Yaani mwanamke anayeanza kuugua UKIMWI huambiwa kwamba atapona akifanya tendo linaloueneza. Hakuna fundisho baya kuliko hili katika nchi yetu, na limeachwa miaka yote hii bila kujibiwa kwa lugha ya wanaoliamini.

Mabango yale yaliacha sumu nyingine pia. Yalifundisha kwamba mwenye VVU anaonekana. Basi jater mwenye mashavu na kifua kipana anahesabiwa salama kwa kutazamwa tu. Leo mambo yamegeuka: mwenye VVU anayekunywa ARV ipasavyo, hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kulala naye. Aliyepimwa na kushika dawa yake si wa kuogopwa. Hatari iko kwa yule mwenye afya ya ng'ombe dume ambaye hajawahi kutoa hata tone la damu yake lipimwe. Habari hii njema imesemwa mjini kwa vipeperushi vya kung'aa. Ni mabaraza mangapi ya chifu yameisikia kwa Dholuo safi, kutoka kinywani mwa mtu wa pale pale anayemeza vidonge vyake kila jioni na kulima ekari zake mbili? Anayetaka manyasi na anywe manyasi, simzuii. Asiachishwe tu vidonge.

Mahali ambapo elimu hii ingefaa kutolewa ni matangani, kwa sababu huko ndiko watu wote wanakokutana. Nenda uone. Kuna kipaza sauti, hema, viti vya kukodi, mchungaji, mwakilishi wa wadi, wakati mwingine mbunge. Redio imekwisha kutangaza kwamba marehemu ameaga baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wazungumzaji wanasimama mmoja mmoja mpaka jua linageuka: siasa, barabara, karo, nani alimkopesha marehemu ng'ombe. Mjane ameketi kwenye mkeka kando ya jeneza, kanga begani, na watu mia tano waliomzunguka wanajua atakachofanyiwa wiki hiyo. Hakuna hata mmoja anayeshika kipaza sauti akasema halitafanyika. Sidai siri ya marehemu ianikwe. Sheria inailinda, na ni haki iwe hivyo. Nadai kusemwe neno moja juu ya aliye hai. Mchungaji anayehubiri saa mbili kuhusu uzinzi na kuondoka bila kumtaja mwanamume anayengojewa usiku, huyo naye ameshiriki.

Nikifika hapa naambiwa mila haibadiliki. Hapo ndipo ninapokataa kabisa.

Wazee wangu, fungueni vinywa. Babu zetu waling'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Nak, yaani kung'oa huko, haikuwa mapambo. Ndiyo iliyomtoa mtoto utotoni ikamtia miongoni mwa watu, na asiyeng'olewa hakuhesabiwa Mjaluo kamili. Leo vijana wetu wanatabasamu na meno yao yote. Ni nani aliyeshikwa na chira kwa kubaki na meno? Ni mizimu ya ukoo gani iliyoamka kuyadai? Jambo hilo liliachwa, likaisha, na hakuna aliyesema Ujaluo wetu umekufa.

Tero buru, ile shughuli ya kuifukuza mauti iliyokuwa ya mafahali, mikuki na ngao, leo inafanywa kwa bodaboda na honi. Maiti aliyezikwa upesi zamani sasa hukaa mochari wiki mbili akingoja watoto warudi kutoka ng'ambo. Kaburi lina saruji na vigae. Mahari hutumwa kwa simu. Yote hayo yamebadilika mchana kweupe, na wazee wamekula nyama za sherehe hizo bila kulalamika.

Halafu kuna tohara. Wajaluo hatukuwa na tohara, na tulijivunia kutokuwa nayo. Wanasiasa wa makabila mengine walitudhihaki kwayo kwenye majukwaa. Kisha utafiti uliofanywa Kisumu, pamoja na ule wa Rakai nchini Uganda na wa Orange Farm huko Afrika Kusini, ukaonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Baraza la wazee wa Kijaluo lilisita, likasema si desturi yetu. Mwaka 2008 hayati Raila Odinga, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, akajitokeza hadharani kuiunga mkono, na viongozi wengine wakamfuata. Mahema yakapigwa kwenye vituo vya afya, na katika miaka michache wanaume wa Nyanza waliotahiriwa wakahesabiwa kwa malaki. Ndoa hazikuvunjika kwa ajili hiyo, na hakuna aliyefukuzwa ukoo.

Nafurahia jambo hilo kwa moyo wangu wote, limeokoa maisha. Lakini linanipa haki ya kuuliza. Kitu kikubwa kama kile, kinachogusa mwili wa mwanamume na fahari ya kabila zima, kiligeuzwa kwa neno la viongozi. Mbona neno lile lile halijasemwa kwa sauti ile ile kwa ajili ya mwili wa mjane? Mila inayomzuia mwanamume kusalimika ilipatikana kuwa nyepesi. Ile inayompa mwanamume kitanda na shamba ndiyo iliyogeuka kuwa mwamba.

Tena kuna mambo yanayoitwa desturi ambayo hayana hata umri wa mjukuu. Jaboya, ile tabia ya mwanamke muuza samaki kulazimika kulala na mvuvi ili auziwe, inasemwa kana kwamba ilikuwapo tangu ziwa lilipoumbwa. Ilichipuka na biashara. Samaki aina ya mbuta aliposhika soko miaka ya 1980 na viwanda vya minofu vikajengwa, bei zikapanda, mashua na nyavu zikawa mikononi mwa wanaume, na mama aliyekuwa akinunua kikapu chake kwa pesa taslimu akaambiwa pesa hazitoshi. Ajabu ni namna mambo yanayomfaa mwanamume yanavyozeeka haraka hadi kuitwa mila. Na dawa yake ilionekana kwenye ufuo wa Nduru, kule Nyakach: wanawake walipopata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi, waliweza kukataa. Hawakuhitaji semina nyingine. Mafuriko ya mwaka 2020 yalipowafukuza ufuoni na mashua zikaharibika, wengi walirudi kwenye unyonge ule ule. Mwenye chombo ndiye mwenye kauli.

Hivyo tunarudi kwenye shamba, ambako shauri lote hili linatoka. Mjane aliyekubali jater ana mwanamume wa ukoo wa kulisimamia boma, na ardhi inabaki chini ya macho ya ukoo. Mjane aliyekataa anaambiwa arudi kwao, na vijiti vya mpaka huanza kusogea usiku. Chira ndiyo fimbo, ekari ndizo zinazotafutwa. Mwaka 1987 nchi nzima ilitazama mahakama ikiamua mwili wa wakili S.M. Otieno uzikwe Nyalgunga kama ukoo wa Umira Kager ulivyotaka, dhidi ya matakwa ya mjane wake, Wambui. Tulibishana miezi kuhusu kabila na kaburi. Kila mkwe mkorofi alichosikia katika hukumu ile ni kwamba ukoo una nguvu kuliko mke.

Na msidhani ni Kenya tu. Nchini Tanzania, wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa kwenye nyumba zao na wakwe walipinga kanuni za kimila za urithi zilizotangazwa mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010. Ilibidi shauri lifike kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema wazi kwamba haki zao zilikiukwa. Miaka yote hiyo, watoto wao walikuwa wakikua.

Sisi Wakenya hatuna kisingizio cha kukosa sheria. Katiba ya mwaka 2010 inabatilisha sheria yoyote ya kimila inayopingana nayo, na inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mila zinazohusu ardhi. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inakutaja kumrithi mjane kwa lazima na kumtakasa mjane kuwa ni ukatili, kwa maneno hayohayo, hakuna la kufasiriwa. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai. Ni shemeji wangapi mnaowajua waliofikishwa mahakamani kwa lolote kati ya hayo? Chifu anazijua sheria hizi. Anaketi matangani katika kiti cha mbele, kofia magotini.

Nanyi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mnaosoma haya mkitikisa kichwa kwa masikitiko juu ya washamba, acheni. Mwenye wapenzi watatu mjini, asiyepima na asiyewaambia, hana tofauti na jater isipokuwa analala kwenye godoro jipya. Na ni ninyi, wana wa boma mliosoma, mnaopigiwa simu na baba zenu wadogo kuulizwa maoni yenu mama akifiwa. Mnasema, wazee waamue. Mnatuma pesa za hema na kukaa kimya. Kimya hicho ni kura.

Wengine wamenituliza kwa kusema siku hizi dawa zipo, mambo si kama zamani. Zipo, na vidonge vya kujikinga kabla ya kukutana na virusi vimekuwa vikitolewa Kenya tangu mwaka 2017. Lakini Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kliniki zilizosimama kwa pesa za PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 zikatikisika, wahudumu wakarudishwa nyumbani, wagonjwa wakaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki koponi. Tulizoea kuamini kwamba mtu wa mbali atalipia tiba ya yale ambayo sisi wenyewe tumekataa kuyaacha. Ameonyesha kwamba anaweza kufunga mfuko wake asubuhi moja.

Wazee, njia mnayo. Kwa mjane ajuza, aliyepita umri wa kuzaa, mwanamume hutundika koti lake ndani ya nyumba usiku mmoja, asubuhi akalichukua, na ikahesabiwa kwamba mama yule amerithiwa. Hakuna aliyewahi kusema koti halikutosha. Mizimu inayoridhika na koti kwa bibi wa miaka 70 itakataaje koti hilohilo kwa mama wa miaka 28? Nijibuni hilo hadharani, kwa sababu nimelitafuta jibu na sikuona lolote isipokuwa tamaa. Watonga wa kusini mwa Zambia nao walikuwa na utakaso wa kulala na mjane, na huko zikakubaliwa njia nyingine zisizogusa tendo hilo. Ni Waafrika kama sisi, wana mizimu kama sisi.

Ninachodai ni hiki. Baraza la wazee litangaze, kwa Dholuo na kwenye redio, kabla ya msimu ujao wa kupanda, kwamba koti linatosha kwa kila mjane, na kwamba asiyetaka hata koti ni mke wa boma lile vilevile. Litangaze kwamba mjane anaweza kufungua mbegu zake peke yake, na wanawe wakapanda baada yake bila hofu. Wachungaji walirudie tangazo hilo matangani, jeneza likiwa mbele yao. Wahudumu wa afya wa jamii wawafuate wanaume wanaofanya kazi hii, maana kila kijiji kinawajua kwa majina, wawapime na kuwatia kwenye dawa wanaohitaji, pamoja na wake zao.

Na chifu: hatua ya kwanza ya mjane kupata shamba la mumewe kisheria ni barua yako, ile inayotaja warithi wa marehemu, ambayo mahakama huidai kabla ya kusikiliza lolote. Wanawake wanarudishwa kutoka ofisini kwako mara kwa mara, waambiwe waje na shemeji, waje na baba mkwe, waje wakishamaliza mambo ya nyumbani. Unajua mambo hayo ya nyumbani ni yapi. Hakuna sheria inayokuruhusu kuyangojea. Mjane akija na cheti cha kifo na majina ya watoto wake, mwandikie siku hiyohiyo, upige muhuri, na anayepinga aje kupinga mbele ya hakimu.